Baraza la Kuazima

Wananchi wa Unguja hawajausahau mwezi wa Mei 2008. Tarehe 21 ya mwezi huo umeme ulikatika kisiwa kizima, na haukurudi jioni ile, wala kesho yake, wala wiki iliyofuata. Karibu mwezi mzima ulipita. Pampu za maji zilisimama, watu wakapanga ndoo kwenye visima vya zamani ambavyo vijana wengi hawakujua hata vilipo, na wavuvi wakakosa barafu. Mwezi wa Disemba 2009 mkasa ukarudi, na safari hiyo giza likadumu kwa takriban miezi 3. Sababu haikuwa ya siri. Kisiwa chote kilikuwa kikitegemea waya mmoja, uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Ulipougua waya huo, kila mtu aliugua nao.

Hakuna aliyesema siku zile kwamba umeme ni kitu kibaya. Watu walisema kwamba waya mmoja hautoshi, na walisema kweli. Mwaka 2013 waya wa pili, wenye nguvu zaidi, ulianza kazi. Somo lile lilitugharimu sana, na kwa hiyo haifai tulisahau.

Tunaukumbusha mkasa huo kwa sababu visiwa vyetu vimekwishalaza waya mwingine mmoja, na safari hii bila ya mkutano wala uamuzi wa mtu yeyote. Waya huo hauonekani kwa macho. Ni mtandao wa kijamii wa kampuni moja ya Marekani, iliyokuwa ikiitwa Facebook na ambayo tangu Oktoba 2021 inaitwa Meta. Kampuni hiyo ndiyo yenye Facebook, ndiyo yenye Instagram, na ndiyo yenye WhatsApp. Aliye na simu ya kisasa mkononi, awe Makunduchi au Micheweni, ni mteja wake hata kama jina la Meta hajapata kulisikia.

Tutazame jinsi shughuli zetu zinavyokwenda siku hizi. Sheha akitaka kuita mkutano, anatuma ujumbe katika kundi la WhatsApp. Mwalimu mkuu wa skuli akitaka kuwaarifu wazee siku ya mitihani, anatuma humo humo. Habari ya msiba, saa ya maziko, mchango wa harusi, bei ya pweza, mabadiliko ya safari za boti, yote yanapita njia hiyo. Afisi za Serikali nazo zimefuata. Tangazo la umma siku hizi huonekana kwanza kwenye ukurasa wa Instagram wa afisi, na mara nyingine halionekani pahala pengine popote. Hata onyo la upepo mkali na mawimbi makubwa, ambalo kwa mvuvi ni jambo la uhai na mauti, wengi wetu hulipata kwa kutumiwa na jamaa.

Hatuyasemi haya kwa kuuchukia mtandao. Manufaa yake tunayaona kila siku. Zamani mama wa Wete mwenye mwana Maskati au London alikuwa akingoja barua kwa wiki nyingi. Leo anaisikia sauti ya mwanawe kabla ya chai kupoa. Vijana waliokosa mtaji wa kukodi duka wamepata mahali pa kuonyesha bidhaa zao. Mwenye kuyakana hayo hasemi ukweli. Lakini baraza tunalokaa sasa si letu. Tumeliazima kwa mtu ambaye hatumjui, naye anaweza kutuinua saa yoyote aipendayo.

Nguvu ya kampuni hiyo ni kubwa kuliko ya dola nyingi. Ilianzishwa Februari 2004 na Mark Zuckerberg alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 2012 ilinunua Instagram kwa dola bilioni 1, na Instagram wakati huo ilikuwa na wafanyakazi 13 tu. Mwaka 2014 ilinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19. Barua za ndani zilizofichuliwa baadaye zilionyesha kwamba bwana huyo alikwisha kuandika, tangu mwaka 2008, kuwa ni bora kumnunua mshindani kuliko kushindana naye. Mwishoni mwa mwaka 2024, kwa hesabu ya kampuni yenyewe, watu zaidi ya bilioni 3.3 walikuwa wakitumia angalau mtandao wake mmoja kila siku. Mapato yake ya mwaka huo yalizidi dola bilioni 164, na karibu yote yalitokana na matangazo ya biashara. Na zaidi ya nusu ya kura za wenye hisa zimo mkononi mwa mtu mmoja, yaani Zuckerberg mwenyewe.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini wateja wasihame wakichoka? Jawabu lake analijua kila mchuuzi. Mnunuzi huenda kwenye wauzaji wengi, na muuzaji huenda kwenye wanunuzi wengi. Soko likijaa, hujaa zaidi. Lakini mchuuzi wa Darajani akigombana na mwenye kibanda anaweza kuhamia Mwanakwerekwe, na wateja wake wakamfuata kwa kuwa njia ni ya umma na miguu ni yao. Katika mtandao mambo ni kinyume. Tumchukue kwa mfano mama wa Paje anayetengeneza sabuni za mwani. Amekusanya wateja wake kwa miaka 5, wa hapa na wa ng’ambo, wote wakimjua kwa ukurasa wake wa Instagram. Ukurasa ule ukifungwa, kwa kosa lake au kwa kosa la mashine, hawezi kuwachukua wateja hata mmoja akaondoka nao. Hajui amlalamikie nani, kwa sababu mwenye nyumba hana afisi Unguja wala Pemba.

Wakulima wetu wa karafuu hawahitaji kufundishwa maana ya mlango mmoja. Mwaka 1937, chini ya utawala wa Waingereza, sheria iliipa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu haki ya pekee ya kusafirisha karafuu nje. Wafanyabiashara wa Kihindi waligoma, na wanunuzi wa Bara Hindi wakaisusia karafuu yetu. Biashara ya visiwa hivi ilitikisika hadi yalipopatikana makubaliano mwaka 1938. Palipo na mlango mmoja, ugomvi wa mlangoni huwa ni njaa ya nyumba nzima.

Jioni ya Jumatatu, tarehe 4 Oktoba 2021, ulimwengu ulionjeshwa hali hiyo. Kabla ya saa moja ya usiku kwa saa za kwetu, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja, dunia nzima, kwa muda wa saa 6 hivi. Haikuwa vita wala hujuma. Mafundi wa kampuni walikosea katika kurekebisha mitambo inayounganisha vituo vyake, na mitandao yote mitatu ikatoweka kama mashua iliyokatika nanga. Mafundi wenyewe walishindwa kuingia upesi katika majengo yenye mitambo, kwa sababu hata mifumo ya ndani ya kampuni ilitegemea njia ileile iliyozimika. Kama mwenye waya alijikuta gizani namna hiyo, sisi tulioegemea waya wake tungesema nini?

Hilo lilikuwa ni kosa. Kubwa zaidi ni pale mlango unapofungwa kwa makusudi. Mwezi wa Februari 2021 Serikali ya Australia ilikuwa ikitunga sheria ya kuitaka kampuni hiyo iwalipe wenye magazeti. Tarehe 18 ya mwezi huo kampuni ilijibu kwa kuzifuta habari zote katika Facebook nchini humo. Pamoja na habari, zikafutika kurasa za idara za afya, za huduma za zimamoto, na hata ukurasa wa Idara ya Hali ya Hewa. Kurasa za huduma hizo zilirudishwa upesi, lakini magazeti yalingoja kiasi cha wiki moja, na hayakurudi ila baada ya Serikali kukubali kuirekebisha sheria yake. Canada nayo ilipotunga sheria ya namna hiyo, kampuni ilianza kuzuia habari zisisambazwe mwezi wa Agosti 2023. Mwezi huo huo moto wa misitu uliukaribia mji wa Yellowknife, watu 20,000 hivi wakaamriwa kuhama, na hawakuweza kupelekeana katika Facebook habari za magazeti kuhusu njia zilizo salama.

Nchi hizo ni tajiri, zina mabunge yenye nguvu na wanasheria wengi. Tuje Afrika. Mwezi wa Julai 2024 tume ya ushindani ya Nigeria iliitoza Meta faini ya dola milioni 220. Miongoni mwa makosa iliyoyataja ni kwamba WhatsApp iliwalazimisha Wanigeria kukubali masharti ya taarifa zao binafsi bila ya kuwapa hiari waliyopewa watu wa Ulaya. Mwezi wa Aprili 2025 baraza la rufaa liliithibitisha faini hiyo. Katika shauri hilo kampuni ilidokeza kwamba huenda ikalazimika kuziondoa Facebook na Instagram katika nchi ile. Nigeria ina watu zaidi ya milioni 200. Zanzibar, kwa sensa ya mwaka 2022, ina watu 1,889,773. Ikiwa jitu lile linaweza kuambiwa maneno hayo, kisiwa kitaambiwa nini?

Majirani zetu wa Kenya wamelikabili suala hilo mahakamani. Wafanyakazi waliokuwa wakikaa Nairobi wakichuja picha na maneno ya kikatili katika Facebook walifungua mashtaka kuanzia mwaka 2022, wakilalamikia hali za kazi na madhara ya akili waliyoyapata. Kampuni ilijitetea kwamba haikusajiliwa Kenya, na kwa hiyo mahakama za Kenya hazina uwezo juu yake. Mwezi wa Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilikataa hoja hiyo. Maafisa wetu wa sheria wanapaswa kuisoma hukumu ile kwa makini, kwani inasema jambo kubwa: anayefanya biashara kwetu hawezi kuwa kwetu wakati wa kuvuna, akawa kwao wakati wa kujibu.

Haki inatutaka tuueleze upande wa pili. Serikali ya Marekani ilifungua shauri Disemba 2020 ikitaka Meta ivuliwe Instagram na WhatsApp. Tarehe 18 Novemba 2025 Jaji James Boasberg wa Washington aliamua kwamba Serikali haikuthibitisha kuwa kampuni hiyo inahodhi soko hivi sasa, kwa kuwa TikTok na YouTube zinashindana nayo. Tunaiheshimu hukumu hiyo. Lakini shauri lile lilihusu soko la Marekani. Kwetu sisi, kijana anaweza kwenda TikTok kutazama vichekesho, ila barua ya skuli ya mdogo wake haiji TikTok, wala sheha haiti mkutano YouTube. Mtandao wenye kuhodhi pumbao ni jambo moja. Mtandao unaobeba mkutano wa shehia, duka, maziko na amri ya Serikali ni jambo jingine.

Wako wanaosema dawa ni kupiga marufuku. Hatukubaliani nao. Kisiwa cha Nauru kiliifunga Facebook mwaka 2015, kikaifungua tena mwaka 2018. Visiwa vya Solomon vilitangaza Novemba 2020 kwamba vitaifunga, na mwezi uliofuata vikaghairi. Nasi hapa nchini tuliona Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi, intaneti ilipozimwa kwa siku kadhaa: aliyeathirika si kampuni ya ng’ambo, bali ni mwenye duka aliyeshindwa kuagiza mali na mzee aliyeshindwa kujua hali ya mwanawe. Mlango mmoja una ubaya huo pia, kwamba mkono wowote unaweza kuufunga, wa nje na wa ndani. Anayewatakia mema wananchi hawafungii mlango, anawaongezea mwengine.

Basi nini la kufanya? Tunatoa rai nne, na tunazitoa kwa heshima, tukijua kwamba maafisa wetu nao ni watumiaji kama sisi.

Kwanza, kila tangazo la umma liwe na kwao. Lianze katika ukurasa wa afisi yenyewe, unaomilikiwa na kuendeshwa nayo, lisomwe redioni, libandikwe kwenye ubao wa sheha. Kisha lipelekwe WhatsApp na Instagram kadiri inavyopendeza. Visiwa hivi vilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973, miaka 20 hivi kabla ya Tanzania Bara kupata televisheni yoyote. Wazee wetu walijua thamani ya taifa kuwa na sauti yake. Wahenga nao walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu ni redio, gazeti, ubao na mkutano wa shehia, na bado unakalika.

Pili, maamuzi ya Serikali yasiachwe katika simu za watu. Katika jengo la Nyaraka za Taifa pale Kilimani zimehifadhiwa barua za masultani, mikataba na hesabu za karafuu, na mwanafunzi wa leo anaweza kuzisoma. Lakini amri inayotolewa leo katika kundi la WhatsApp la idara haiendi Kilimani. Afisa akistaafu, au simu ikitumbukia baharini, amri ile imepotea, na pamoja nayo ushahidi wa nani aliamua nini. Kila jambo lililoamuliwa katika kundi liandikwe katika jalada. Kazi hiyo haihitaji fedha, inahitaji nidhamu.

Tatu, sheria iwataka wenye mitandao wafunguliane milango. Hili si ndoto. Mteja wa kampuni moja ya simu humpigia mteja wa kampuni nyingine bila ya kuulizwa amesajiliwa wapi. Kuanzia mwaka 2014 kampuni za simu za Tanzania zilianza kuwawezesha wateja wao kutumiana pesa moja kwa moja kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, na mwaka 2016 Vodacom nayo ikajiunga. Nchi yetu ikawa miongoni mwa za mwanzo Afrika kufanya hivyo. Umoja wa Ulaya nao, kwa sheria iliyoanza kuzibana kampuni kubwa mwezi wa Machi 2024, umeitaka WhatsApp ikubali kupokea ujumbe kutoka mitandao mingine. Ikiwa fedha, ambazo ndizo zenye wizi mwingi, zimeweza kuvuka kutoka mtandao hadi mtandao, salamu zitashindwaje?

Nne, tusiende peke yetu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ni mwanzo mwema, na tume yake inastahili kupewa wataalamu na fedha. Umuhimu wake hauna shaka. Mwaka 2018 dunia iligundua kuwa taarifa za watu wapatao milioni 87 wa Facebook zilifika isivyo halali kwa kampuni ya siasa ya Cambridge Analytica, na mwaka 2019 Marekani iliitoza Facebook faini ya dola bilioni 5. Sisi hatuna ubavu wa kutoza faini ya namna hiyo, lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ikisema kwa kauli moja, itasikilizwa. Baraza la Wawakilishi na Bunge la Muungano wanaweza kuanza kwa kulizungumza jambo hili waziwazi.

Na mwananchi naye ana sehemu yake. Aandike namba za jamaa zake katika daftari. Mwenye biashara awaombe wateja wake namba za simu, asitosheke na ukurasa alioazimwa. Kamati ya msikiti na kamati ya skuli ziwe na njia ya pili ya kuwafikia watu wao, hata kama njia hiyo ni mtoto kutumwa mlango kwa mlango. Kundi la WhatsApp halimfikii bibi asiye na simu ya kisasa, na bibi huyo ana haki ya kujua siku ya chanjo na siku ya mkutano kama alivyo mjukuu wake.

Hatuna ugomvi na kampuni yoyote. Mwenye baraza ametukaribisha, nasi tumekaa, na mazungumzo yamekuwa mazuri. Lakini mgeni mwenye busara hakai barazani kwa watu hadi akasahau kulifagia baraza lake. Waya wa mwaka 1980 ulitufunza kwa giza. Waya huu wa sasa bado unawaka, na maadamu unawaka tunaona vizuri mahali pa kuulaza wa pili.